Beki wa Kushoto Niliyemuuza

Baba alipata kiharusi asubuhi ya Jumapili, akiwa ameinama kufunga kamba za viatu aende kanisani. Mimi nilikuwa kazini, mapokezi ya hoteli moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, nikigawa funguo kwa wageni waliokuwa wanatetemeka kwa baridi. Shangazi, dada yake baba, alipiga simu ya ofisini. Alisema maneno machache tu: "Baba yako ameanguka. Yuko hai. Ukipata ruhusa, njoo."

Ruhusa niliyopata ilikuwa ya siku tatu. Ruhusa ya kweli ililetwa na masika. Mvua zilipoanza, wageni walipungua kama kila mwaka, na hoteli ikatupa likizo ya miezi miwili wale tuliokuwa tumezidi. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilishuka Karatu na begi langu nikijua kwamba kazi ninayoiendea ni kubwa kuliko niliyoiacha. Mama alikuwa ameshafariki. Kaka yangu alikuwa fundi wa kompyuta Arusha, mwenye watoto watatu na chumba kimoja. Shangazi alikuwa amemuuguza baba peke yake tangu aanguke, na siku niliyofika alinikabidhi mfuko wa dawa, akavaa sweta lake, akasema, "Mwanangu, naenda kupalilia. Maharage yangu yamemezwa na majani." Hakungoja hata chai.

Tukabaki wawili, mimi na baba.

Mkono wake wa kulia na mguu wa kulia havikuwa na kazi. Mdomo ulikuwa umevutwa upande. Lakini jambo lililonishinda kuzoea ni maneno. Mtu aliyekuwa amefundisha shule za msingi zaidi ya miaka thelathini, ambaye sauti yake ilisikika mpaka barabarani, alikuwa amebakiwa na neno moja tu, "Jumatano". Akitaka maji, Jumatano. Akikataa uji, Jumatano. Akiumwa, Jumatano, kwa sauti ya chini. Hata Kiiraqw, lugha aliyonyonya nayo, kilikuwa kimekwenda. Muuguzi wa zahanati alinieleza kwamba maneno yote bado yamo kichwani, ila njia ya kutokea imebomoka. "Kitu chochote kitakachomfanya atake kusema," aliniambia, "kitamsaidia kuliko hizi dawa."

Sikuwa na kitu hicho. Nilikuwa na ratiba. Kumgeuza asubuhi, kumwosha, kumbadilisha, kumlisha, kuunyoosha mkono na mguu kama nilivyofundishwa, kumgeuza tena. Shuka zilikuwa hazikauki. Masika ya Karatu huleta ukungu mpaka saa nne na matope mekundu mpaka ndani ya nyumba, na nilikuwa nimetandaza nguo zenye unyevu juu ya kila kiti. Nililala mapema nikaamka nimechoka vilevile. Mara nyingine nilisimama katikati ya chumba na beseni mkononi, nikawa sikumbuki kama natoka kumwaga maji au naenda kuyachota.

Niseme pia kwamba mimi na baba hatukuwa tumezoeana sana. Mpira ndio uliokuwa maisha yake. Alianza ualimu Kakesio, kwa wafugaji, na alikuwa akitusimulia jinsi wavulana walivyoacha ng'ombe pembeni ya uwanja, na mechi ikasimama ng'ombe wakiingia. Alipohamishiwa Karatu aliifundisha timu ya shule kila jioni mpaka alipostaafu. Nikiwa mdogo nilibeba dumu la maji kuwapelekea wachezaji. Siku moja nikamwuliza kwa nini refa amekataa goli ambalo wote tumeliona likiingia. Alinijibu bila kunitazama, "Nenda kamsaidie mama yako." Nikaenda. Nikakulia katika nyumba ya mpira bila kuujua mpira.

Wiki ya tatu kaka alituma kompyuta ya kupakata kwa basi, imefungwa ndani ya blanketi. Ilikuwa nzito kama tofali na kitufe kimoja kimeng'oka. Kwenye simu akasema, "Jifunze kuchapa, dada, itakusaidia kazini. Na umwekee baba kwaya." Kwaya sikuiona. Aliyekuwa na kompyuta hiyo kabla yetu alikuwa amefuta kila kitu isipokuwa mchezo mmoja wa mpira, na mchana mmoja, baba akiwa amesinzia na mvua ikipiga bati, niliufungua kwa sababu hapakuwa na kingine cha kufungua.

Nilidhani ni ule mchezo wa kubonyeza vitufe vijana wakakimbia na mpira. Kumbe hapakuwa na kukimbia. Kulikuwa na kurasa na kurasa za majina, kila jina na namba zake: kasi, pasi, kichwa, ujasiri. Mchezo ulitaka niwe kocha. Uliuliza jina langu nikaliandika. Uliuliza timu ninayoitaka, nikachagua timu kubwa ya Uingereza ambayo hata mimi nilikuwa nimeona jezi yake mabegani mwa madereva wa watalii. Halafu ukasema, kwa Kiingereza, kwamba uongozi unatarajia ubingwa. Nikajisemea, haya basi, tutaona.

Sikujua kupanga timu ni nini. Nilipanga wachezaji kumi na mmoja kwa majina yaliyonipendeza kutamka, nikawapeleka mbele wengi kwa kuamini kwamba magoli hutoka mbele. Nikabonyeza. Mechi yenyewe ilikuwa maandishi tu yakipita katikati ya kioo, na vidoti juu ya kijani. Tulifungwa moja, mbili, tatu. Lilipofika la tano nikasikia nyuma yangu, "Jumatano."

Baba alikuwa ameamka. Alikuwa ameinua shingo kutoka kwenye mto, kitu ambacho muuguzi alikuwa ameniomba nimfanyishe kila siku naye akikataa. Nikasogeza stuli, nikaiweka kompyuta mbele yake. Aliangalia orodha yangu ya wachezaji kwa muda mrefu. Macho yake yalishuka, yakapanda, yakarudi juu kabisa, mahali pa kipa. Kisha kifua chake kikaanza kutikisika. Nilidhani ni kifafa, nikamshika bega. Kumbe alikuwa anacheka. Nilikuwa nimemweka golini kiungo mfupi mwenye jina zuri, na kipa halisi nimemwacha benchi.

Tulifungwa saba. Baba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka kwa kumwona yeye. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aanguke.

Jumapili iliyofuata alikuja kumtazama dereva mmoja wa watalii, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wa baba na alichezea timu yake. Alikuja kila Jumapili baada ya ibada, akivua viatu vya matope mlangoni. Nikamwonyesha kompyuta. Akaitazama timu yangu akashika kichwa.

"Dada, washambuliaji sita? Nani atarudi kukaba?"

"Kukaba ni nini hasa?"

Alinitazama kama nimemwuliza maji ni nini. Kisha akamtazama baba, akajikohoza. "Mwalimu, huyu ni binti yako kweli?"

Baba akasema, "Jumatano," na sikuweza kujua kama ni ndiyo au hapana.

Yule dereva alichukua chupa za dawa za baba akazipanga juu ya meza. Hizi ni mabeki, hizi viungo, huyu mshambuliaji, kile kijiko ni mpira. Akanieleza kuotea: mshambuliaji asiwe amewapita mabeki kabla pasi haijapigwa. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, ndipo nikaelewa kwa nini refa alikataa lile goli. Wakati anaeleza, mkono wa kushoto wa baba ulitoka taratibu kwenye blanketi, ukasogeza chupa moja nyuma kidogo. Dereva akaiangalia.

"Kweli, Mwalimu," akasema. "Samahani. Nilikuwa nimekosea."

Timu kubwa ilinifukuza kabla ya msimu kufika katikati. Ujumbe ulikuwa wa adabu: uongozi umepoteza imani, tunakushukuru. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyotarajia. Ndipo baba aliponishika kifundo cha mkono, akaupeleka mkono wangu kwenye kioo. Nikamfungulia orodha ya timu zote. Akanipitisha chini, chini zaidi, ligi ya kwanza, ya pili, mpaka timu ndogo ya daraja la mwisho ambayo sikuwahi kuisikia, ya mji ambao sikujua uko wapi. Akagonga hapo kwa kidole. Uongozi wa timu hiyo ulikuwa unatarajia jambo moja tu, kwamba tusishuke.

Hapo ndipo nilipoanza kweli. Kila siku baada ya chakula cha mchana, nikishaosha vyombo na kumgeuza, tulicheza mechi mbili. Mimi nilisoma na kutafsiri, yeye alinyoosha kidole. Alinifundisha mambo ambayo mtu mwenye maneno angeyasema kwa dakika tano na sisi yalituchukua wiki. Kwamba mechi za kirafiki kabla ya msimu si za kupita haraka, ndizo za kuwajua watu ulionao. Kwamba mchezaji aliyechoka hubadilishwa kabla hajaumia, hata kama ndiye bora. Kila nilipopoteza mechi nilitaka kubadilisha mfumo mzima, naye aliushika mkono wangu akauzuia. Tukafungwa tena kwa mfumo uleule, kisha tena. Mechi ya nne tukatoa sare. Akaniachia mkono.

Mchezaji aliyempenda kuliko wote alikuwa beki wa kushoto, mtu mzima wa miaka thelathini na nne, mwenye kasi ya kobe. Namba zake zilikuwa ndogo karibu kila mahali. Nilimweka benchi nikampanga kijana mara mbili tatu, baba akagonga kioo mpaka nikamrudisha mzee wake.

Siku moja, dakika za mwisho, tukiongoza kwa goli moja, winga wetu alikuwa anatambaa kwa uchovu. Baba akawa anagonga, mimi nasoma bila kumwangalia. Kisha nikasikia, "Toa."

Niligeuka. "Baba, umesema nini?"

Alikuwa ameshangaa kama mimi. Alifungua mdomo ikatoka Jumatano. Akafunga macho, akapigana nalo, jasho likamtoka juu ya mdomo. "Toa," akasema.

Nikamtoa winga. Nilimpigia simu shangazi, naye akalia kwenye simu, halafu akaniuliza, "Toa nini?" Nikamwambia ni habari ndefu.

Ningependa kuishia hapo, lakini haikuwa hivyo. Wiki iliyofuata baba aliharisha siku tatu mfululizo. Umeme ulikatika, maji ya bomba yakakatika, na nikawa nachota mtoni maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nilifua shuka mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Siku ya nne alitulia akalala. Umeme ukarudi mchana, nami nikakaa mbele ya kompyuta peke yangu, nikataka tu kubonyeza kitu kinachotii. Ujumbe ulikuwapo: timu nyingine inamtaka beki wetu wa kushoto, mzee yule. Mchezo wenyewe ulikuwa unanishauri nikubali, kwamba umri umekwenda. Nikakubali. Sikufikiri hata dakika moja. Nikacheza mechi mbili, tukashinda zote, nikajisikia mjanja.

Kesho yake baba aliangalia orodha. Akatafuta. Akanitazama, akatafuta tena.

"Nimemuuza, Baba. Alikuwa mzee. Tumeshinda mechi mbili bila yeye."

Alipiga kikombe cha uji kwa mkono wa kushoto. Kilipiga ukuta, uji ukamwagika juu ya shuka niliyokuwa nimeitandika asubuhi hiyo, ya mwisho iliyokauka. Akaanza kulia kwa sauti, "Jumatano, Jumatano, Jumatano," kama mtu anayegonga mlango.

Na mimi kitu kikakatika. "Huyo si mtu, Baba!" nilipiga kelele. "Ni namba! Mtu ni mimi. Mimi ndiye ninayekugeuza, mimi ndiye ninayekufulia. Miaka yote ulikuwa na watoto wa watu uwanjani, mimi ukanifukuza niende jikoni. Nitazame mimi!"

Nilitoka nje. Nilikaa kwenye kizingiti cha banda la ng'ombe, mvua nyembamba ikinyesha, nikilia kwa aibu. Umempigia kelele mgonjwa. Umempigia kelele baba yako. Ng'ombe alinitazama akaendelea kucheua. Nilikaa pale mpaka baridi iliponiingia mifupani, na hata hapo sikuinuka kwa sababu ya moyo mwema. Niliinuka kwa sababu alikuwa amelala kwenye unyevu na angepata vidonda.

Nilimkuta anasugua. Alikuwa ameivuta fulana yake mwenyewe, nusu imemvuka kichwani, na kwa mkono ule mmoja alikuwa anafuta uji kwenye shuka, anausambaza zaidi kuliko kuufuta. Hakuacha niliposimama mlangoni. Nikapiga magoti, nikaishika ncha nyingine ya fulana, tukafuta pamoja. Aliponitazama, alinitazama kweli, muda mrefu, mpaka mimi ndiye niliyeshusha macho.

Jumapili nilimweleza dereva, nje, wakati anavaa viatu. Alisikiliza akatikisa kichwa.

"Dada, hukujua? Mwalimu alicheza namba tatu chuoni. Beki wa kushoto. Alikuwa mzito, wanasema, lakini hapitiki."

"Sikujua," nikasema.

"Alitusimulia sisi mara nyingi."

"Ninyi, ndiyo," nikasema. Aliinamia kamba zake.

Nilijaribu kumrudisha yule mzee. Timu iliyomchukua ilikataa, na baadaye kidogo mchezo ukatangaza kwa mstari mmoja kwamba amestaafu. Nilimsomea baba mstari ule kwa sababu sikutaka kumficha tena. Kisha akagonga jina la kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa benchi, tukampanga kushoto. Kijana alipitwa mechi baada ya mechi. Nilimwuliza baba kama nimtoe. Alikuwa na neno la kutoa, na alijua kulitumia, lakini hakulitumia. "Tatu," akasema, neno la pili kumrudia, akigonga jina la kijana. Tatu abaki.

Msimu uliisha tukiwa nafasi ya kumi na tisa. Hatukushuka. Uongozi ulituandikia kwamba umeridhika. Niliisoma barua ile kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha nikaisoma tena kwa sababu baba alinionyesha kwa kidole nirudie.

Mvua zilipokatika hoteli iliniita. Shangazi alirudi na gunia la maharage mapya. Nilijaribu kumwonyesha jinsi ya kuwasha kompyuta, akakunja mikono. "Mimi na mpira wenu, hapana. Nitamsomea Biblia." Nikamwonyesha baba mwenyewe kitufe cha kuendelea, kile kikubwa, ambacho kidole kimoja cha mkono wa kushoto kingeweza kukifikia. Alicheza hivyo wiki chache, akibonyeza tu, bila mtu wa kumsomea. Halafu umeme ulikatika siku moja ukarudi kwa nguvu, kompyuta ikatoa moshi. Kaka aliuliza kama atume nyingine. Shangazi alimshikia baba simu sikioni, naye akasema wazi kabisa, "Hapana." Lilikuwa neno jipya. Watu walifurahi. Mimi, nisiwe mwongo, nilishukuru tu kwamba hakuna kitu kingine cha kubeba.

Maneno yake yaliendelea kurudi, moja moja, mengi yakiwa ya kukataa. Mwezi wa nane, wageni wakiwa wamejaa na mimi nikigawa vyumba tangu asubuhi bila kukaa, shangazi alipiga simu ya ofisini. Alisema baba ametembea kwa fimbo kutoka kitandani mpaka getini, akasimama akiangalia magari ya watalii yakipanda mlima, kisha akarudi mwenyewe. Ilimchukua asubuhi nzima. Nilimwambia asante, nikamwambia ampe maji apumzike, nikageukia mgeni aliyekuwa anangoja ufunguo.